Mstari Niliofuta

Kiunzi, kwa seremala wa Gikomba,
ni mbao nne zinazongoja kitanda.
Kwangu ni faili elfu moja na ushei
nilizozipata bure, zikaja na masharti yake:
hapa dirisha, hapa kishikizo, hapa kabrasha,
na kivuli chembamba chini ya kila kitu
ili jicho liamini kuna meza.

Meza hakuna.
Kuna kivinjari tu, na mimi ndani yake napiga randa hewa,
ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri linalonuka grisi na mpira mpya.

Niliitwa kompyuta ya zamani ilipokata kauli.
Miaka kumi na tisa Bi Syombua aliandika humo
beringi, plagi, fenibelti, madeni.
"Kijana, sitaki kurasa," akaniambia, miwani puani.
"Ukurasa ukiufungua, uliokuwepo unakimbia.
Nataka vitu vyangu vikae nilipoviweka."

Basi nikakifunza kivinjari adabu za ofisi:
dirisha likiburutwa, lifuate;
likibofywa mara mbili, litanuke;
kikokotoo kilale juu ya risiti,
risiti juu ya hati za forodha,
na pipa la taka pembeni, lisijimwage lenyewe.
Stima ikapotea Jumatano saa tisa, kama kawaida yake.
Iliporudi, madirisha yote yalikuwa pale pale,
kama mitungi ya maji iliyoshikia wenyewe foleni.

Bi Syombua akasema, "Mh."
Kwake hiyo ni sherehe.

Kisha akaja na lawama.
Dirisha linakataa kutoka, alisema.
Nalisukuma pembeni, linagota ukutani.
Nikamweleza: ni mstari wa mia mbili na kumi na nne, mama,
niliuandika kwa makusudi,
dirisha lisivuke ukingo wa kioo likapotea.
"Uondoe."
Litapotea.
"Limpotee nani? Mimi najua lilipo."

Nikaufuta.
Kwenye chai ya saa kumi nikawachekesha wenzangu:
watumiaji, nikasema, ukiwajengea ukuta
wanakuomba tundu.

Mwezi huu amestaafu, kaenda Wote kufuga kuku.
Mwenye duka kanituma nisafishe akaunti yake,
nimpishe karani mpya.
Nikaingia kwa jina lake.
Meza isiyo meza ikafunguka, kila kitu mahali pake,
na kule kulia, ukingoni kabisa,
ufito wa kijivu, upana wa ukucha.

Nikaushika. Nikaburuta.
Likaja dirisha zima, kutoka pasipo mahali.

Gatimu, fundi, Grogan.
Beringi mbili. Plagi nne. Elfu tatu mia sita.
Mkewe Pumwani. Mapacha, mmoja hakulia.
Na kitufe cha Tuma, kinachopeleka deni kwenye daftari kuu
ambako riba huanza kuhesabu,
hakijabofywa tangu Septemba.

Chini yake malipo.
Tarehe ishirini na nane, mia tano.
Tarehe ishirini na nane, mia tano.
Mara sita, bila kuchelewa hata siku moja,
nami najua mafundi wa Grogan hawana tarehe.
Ishirini na nane ni siku ya mshahara,
na mshahara ule haukuwa wa Gatimu.

Salio: mia sita.

Nilikaa nalo, kipanya mkononi kimepata jasho.
Kazi yangu ina msemo: kinachofanya kazi usikiguse.
Nikalirudisha nje ya kioo,
nusu ukucha zaidi ya alivyoliacha yeye.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne sikuurejesha.

Nikamwandikia mwenye duka: nimemaliza, ni safi.
Karani mpya ataanza wiki ijayo, nitamfungulia meza nyingine.

Leo ni tarehe ishirini na saba.