Chururu, si Ndo! Ndo! Ndo!

Llanidloes, mvua ya tatu leo na bado si saa nne.
Idwal ameshika wavu wa kuku, mimi nimeshika koleo.
Anauliza: hiyo sauti ya mbinguni haitapenya hapa?
Kidole gumba chake kimeshapenya.

Haipenyi, Idwal. Wimbi tunalolitaka
ni sentimita ishirini na moja, shubiri ya mkono wangu.
Kwake wavu huu ni ukuta.
Dishi la chuma kizima ni la wenye bajeti;
sisi tuna pauni mia tatu na kumi na mbili
na chenji ndani ya kopo la biskuti.

Pembe ya kupokelea ni debe la rangi, nyeupe ya dari,
nililolikwangua usiku kucha hadi likang'aa.
Shingoni mwake nimegandisha kikuza mawimbi,
transista ndogo kuliko punje ya mtama.
Si nje ya debe, si chini mezani:
pale pale mlangoni, maana kila shubiri ya waya
hula sauti na kutema joto lake,
na kilicholiwa kabla ya sikio
hakuna kipaza sauti cha kukitapisha.
Wakubwa hupoza vipokezi vyao kwa heliamu.
Mimi napoza changu kwa baridi ya Machi
na feni ya kompyuta iliyokufa.

Kupima: kwanza tunaliinamishia dishi mlima,
nyasi, mawe, kondoo, vyote vina joto, vyote vinanguruma;
kisha juu, penye ubaridi mtupu.
Tofauti ya hizo mbili ndiyo alama yangu ya mtihani.
Jumatatu nilifeli. Jumatano nilifeli kidogo.
Ijumaa nikaona maji ndani ya kiungo cha waya,
tone moja, limekaa kama mwenye nyumba.

Jumamosi usiku kikaja kishindo:
ndo!
        ndo!
                ndo!
kila sekunde na ushei, hakichoki, hakikosei.
Idwal akavua kofia.
Nikaandika saa kwa mkono unaotetemeka,
nikakipa jina kimoyomoyo. Jina langu.
Nyota mfu inayozunguka, nilisema, ikituangaza na kupita.
Tukageuza dishi kaskazini, kikatufuata.
Kusini, kikatufuata.

Ilikuwa seng'enge ya umeme ya Nesta Bebb, ya kuzuia kondoo.

Nesta alicheka mpaka akakaa chini.
Akatuzimia siku mbili, kwa sharti:
wakitoka, mtawarudisha ninyi.
Walitoka. Alfajiri tukamkuta mmoja na wanawe wawili
ndani ya dishi tulilolilaza chali,
wanacheua, wavu umebonyea kama godoro.
Lakini usiku mmoja mzima tulikuwa tumeshaupata.

Usiku ule hapakuwa na ndo. Palikuwa na chururu.
Chembe moja ya hidrojeni, peke yake gizani,
hugeuka mara moja katika miaka milioni kumi.
Moja! Ila ziko nyingi mpaka hesabu inaona haya,
na sekunde juu ya sekunde, nikijumlisha, nikigawanya,
mstari wa grafu ukafura mahali pamoja,
uvimbe mdogo, ngumi chini ya shuka.

Mkono wa galaksi yetu, nilimwambia.
Akautazama sana, chai ikipoa.
Akasema: ungefura zaidi
kama debe lingekuwa refu kidogo, ee?
Nilitaka kubisha. Nikapima.

Daftari, Jumatatu.
Kunyoosha wavu.
Silikoni ya kiungo, pauni nne.
Debe la pili, la lita kumi.
Kumuuliza mke wa Idwal kama dari imekwisha.