Mdaiwa wa Kwanza

Ilikuwa Jumatano, si siku ya soko Mpondwe,
na daraja la Lhubiriha lilikuwa jeupe, bila magunia.
Nikafunga duka mapema,
nikawasha taa, nikakalia kreti la soda,
daftari magotini.

Miezi mitatu nilikuwa nikisema: wateja wananiua.
Nimewasema kanisani, nimewasema bombani,
wanakopa sukari kwa kicheko
wanalipa kwa kununa.

Nikaanza kuandika upya, jina kwa jina.
Mwalimu Kitsongo, sabuni miche miwili, elfu kumi.
Nzwenge wa mashine ya kusaga, mafuta, elfu saba na mia tano;
kalipa tatu, akaleta na mayai,
mayai nikayala, sikuyaandika.
Kijana wa bodaboda aliyehamia Kagando
na elfu kumi na nne zangu.
Huyo nilimpigia mstari. Nimemsamehe
kwa kuchoka, si kwa wema.

Jumla, pamoja na wadogo wadogo: elfu arobaini na tatu.
Nikahesabu rafu. Nikahesabu sanduku.
Duka limepungukiwa laki tatu na ushei.

Kalamu ikabaki hewani.

Basi nikaikumbuka chumvi ya Katwe,
kiganja kimoja kila jioni, "si nyingi."
Mchele wa Mubuku, vikombe viwili, mama mkwe alipokuja,
naye alikaa wiki tatu.
Betri za tochi. Biskuti za watoto wasinililie.
Kile kitenge cha njano! Na noti nilizochomoa
nikiziita zangu
kwa kuwa ufunguo ni wangu.

Nikaandika: Kabugho.
Jina langu kwa mwandiko wangu,
juu kabisa, juu ya mwalimu.
Hakuna aliyenikopa kama mimi,
na hakuna niliyemkopesha bila hata kumtazama usoni.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa.
Hawakuongeza kwamba kibaba humalizwa
vivyo hivyo.

Kwenye jalada nikaandika:
kila Jumamosi duka litamlipa Kabugho elfu sabini,
na Kabugho atanunua chumvi kama mtu yeyote,
bei ile iliyobandikwa,
akiwa amesimama upande wa wateja.

Wino haujakauka, mlango ukagongwa.
Shemeji Thembo, kofia mkononi,
kuna msiba kule juu Kyarumba,
elfu hamsini tu, "dukani hakukosekani."
Mkono wangu ulikwisha fika kwenye sanduku.
Ulikuwa umezoea njia.
Nikaurudisha, nikafungua fundo la leso:
elfu kumi na mbili.

"Ndizo tu?"
"Ndizo za Kabugho. Hizo nyingine ni za duka,
na duka halina shemeji."

Aliondoka bila kuniaga.
Nililala vibaya, nikisikia maneno yangu
yakipanda mlima pamoja naye
na kufika msibani kabla yake.

Asubuhi nikafungua, nikafagia,
nikazunguka nikasimama nje ya kaunta.
Nikagonga mbao.
"Wenye duka!"
Nikaingia, nikajipimia chumvi ya mia tano,
nikajirudishia chenji,
nikaandika.