Kabari

Mbuzi ya nazi ya bibi yangu, Bi Shinuna,
haijakuna kitu tangu tui liingie kwenye pakiti.
Ilikaa juu ya friji hapa Mirbat, miguu imekunjwa,
ulimi wa chuma umeelekea ukutani
kama mtoto aliyetiwa adabu.

Leo siku ya tisa ya harifu.
Manyunyu hayakatiki, mlima umemezwa na ukungu,
bahari inayapiga mawe kama inayadai.
Hakuna wa kurusha mshipi.
Nikaishusha mbuzi, nikaifuta vumbi,
nikamwambia Rayya: nataka meza ya kufungia chambo.
Akaniangalia mimi. Akaiangalia mbuzi.
"Fundi mzima wa mitambo ya maji," akasema,
"Omani yote hii umekosa ubao mwingine?"

Sikukosa. Rafiqul seremala alinipa mbao za makasha,
nyepesi, zinanuka dawa ya wadudu.
Lakini huu wa bibi ni mninga uliokaliwa miaka hamsini,
katikati umebonyea kidogo kwa uzito wake,
roli ya uzi ukiiweka hapo haibingiriki.
Na tundu lipo tayari, pale ulimi ulipopita,
tundu la mraba, la patasi,
linalongoja jiliwa bila kujua linangoja.

Nimekosea mara mbili.
Msumeno ulinitoroka kwenye mguu wa kushoto, nikaziba kwa nta.
Kisha vijiti vya kusimamishia uzi, kumi na viwili:
kumi na kimoja viko wima,
cha mwisho kimeinama kama mtu anayesikiliza umbea.
Nimekiacha. Nimekipa uzi mwekundu.

Halafu msasa. Ule wa kukwaruza, kisha ule laini.
Na hapo, sikutegemea,
ubao ukatoa harufu ya nazi.
Miaka kumi na saba haujaonja chicha,
na bado ilikuwemo, ndani, chini ya rangi ya moshi.
Rayya akaja mbio na mwiko mkononi:
"Nani anapika?"
Hapakuwa na anayepika.
Tukasimama pale wawili, tukivuta pumzi,
hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Alasiri Bakhit wa nyumba ya tatu akaleta singa za beberu
kwenye mfuko wa mkate, nyeusi, na nyingine rangi ya tende.
"Mbuzi juu ya mbuzi," nikasema, nikacheka.
Nikajaribu kumfasiria kwa Kiarabu.
Mzaha ukafia mlangoni, viatu vyake mkononi.

"Kaa," bibi alikuwa akiniambia, kule Ibra,
nami nina miaka saba, sitaki,
"kaa, ushike sinia."
Sasa nimekaa, na ninafunga kaa:
kaa wa singa, macho ya shanga, miguu ya mpira,
kwa ajili ya kolekole mmoja wa majini magotini
ambaye hukifuata chambo, hukinusa, hugeuka
kama bibi harusi aliyeoneshwa kitambaa cha bei rahisi.
Mwaka huu wamenikataa arobaini na mmoja.
Naandika kila mmoja kwenye kalenda ya benki.

Nilipofungua gundi ili jiliwa lishike milele,
Rayya, bila kugeuka, aliuliza:
"Na Idi?"

Nikafunika chupa.
Nikachonga kabari ya mkunazi, nyembamba kama ukucha,
nikaigonga mara tatu. Jiliwa limeshika,
ndoana ndani yake haitikisiki.
Ukiigonga kabari kwa upande wa pili, linachomoka.
Ulimi wa chuma nimeupaka mafuta.
Umelala droo ya chini, pamoja na ndoana,
meno yote yapo, nimeyahesabu.