Nyuzi Sifuri

Makorora, saa nane mchana.
Feni inalisukuma joto toka kona hii kwenda ile.
Kwenye kioo nimechimba mfereji
toka mtoni hadi lango la ngome,
nikashusha nyuzi: kumi, nne, sifuri.
Maji yakashikana. Ukuta mzima, tofali hakuna.

Sikumwona kibete mmoja, mchimbaji,
alikuwa bado anavuka, sururu begani.
Akabaki humo
kama kokwa ya ubuyu ndani ya barafu za mama.

Nikampa jina, Hizza. Nikapandisha nyuzi taratibu
nimtoe; lango likaanza kuvuja, na yeye

umeme ukakatika.

"Usifungue friji!" mama, toka uani.
Nilishafungua. Nikatia mkono gizani:
vifuko vya shilingi mia mia,
vigumu bado, pembeni vinatoa jasho.
Nikafunga. Nikahesabu dakika
kama mtu aliyebana pumzi.

Ulirudi saa mbili usiku.
Mama alikwisha kuuza nusu, zilizolainika kagawia watoto wa jirani.
Nikawasha. Mchezo ukaanzia nilipouhifadhi:
Hizza yuko ukingoni, mkavu, sururu begani,
anangoja nimwambie avuke.

Nimemtuma jikoni kwanza.