Tiketi Mbili za Raia

Tiketi ya raia ina bei yake, ya mgeni bei nyingine.
Baba akauliza kama ipo bei ya tatu,
ya aliyeupaka ukuta huu kwa mikono yake
miezi minane, Jumapili bila posho.
Kijana wa dirishani akacheka kistaarabu,
akakata mbili za raia.
Baba akaihesabu chenji, akairudia,
kama alivyokuwa akiuhesabu mshahara.

Ndivyo tulivyoingia Boma la Kale:
yeye na goti lake bovu, mimi na simu mkononi,
nyuma ya Wafaransa wanne wanaong'aa mafuta ya jua
na maharusi kutoka Singida
ambao bado hawajaamua nani atangulie mlangoni.

Eliasifiwe, mwongoza watalii, ana sauti ya redio.
Akatuambia mawe haya ni matumbawe,
boriti zile ni mikandaa.
Akatuambia sultani, akatuambia Wajerumani,
akatuambia mwaka, na mwaka, na mwaka.
Kisha akasema, "Baadaye jengo likakarabatiwa,"
na sentensi ikapita mbio
kama mtu anayeruka dimbwi.

Likakarabatiwa.
Kitenzi kizima, na ndani yake hamna mtu.

Mimi nawakumbuka watu.
Namkumbuka mmoja akirudi Mbagala usiku, nyusi nyeupe,
vidole vimebabuka, mama akimpaka mafuta ya nazi
huku akisema hiyo nyumba ya wenyewe itakumaliza.
Naikumbuka ndoo ya chokaa aliyokuja nayo kujaribia,
hata choo chetu kikawa ndicho pekee mtaani
chenye lipu ya kisultani.
Majirani walikuja kukitazama. Hawakulipa kiingilio.

Ghorofani, Mfaransa mmoja alivua kofia,
akaweka kiganja ukutani, akafumba macho.
Eliasifiwe akatutafsiria:
"Anasema anausikia ubaridi wa karne iliyopita."
Baba akaniinamia sikioni:
"Hapo ni Alhamisi. Mvua ilituwahi,
tukapaka upya Ijumaa."

Sikucheka. Nilitaka kucheka.

Akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya ngazi
ambako taa haifiki na wageni hawapigi picha.
Akauweka ukucha wa dole gumba juu ya ukuta,
akaushusha taratibu, wima, kama anayekata mkate.
"Hapa anaishia yule," akasema. "Hapa naanza mimi."
"Yule nani?"
"Fundi wa kwanza. Nani tena?"

Nikatazama. Weupe mmoja, usio na mshono.
Nikawasha tochi ya simu, nikatazama tena.
"Sioni kitu, baba."
"Huoni?"
"Sioni."
"Vizuri," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi
na kutozwa gharama zote.

Tuliporudi sebuleni, bibi harusi alikuwa amejipanga,
mkono kiunoni, kilemba kimetulia.
"Mzee, samahani, sogea kidogo,
tuupate ukuta."
Akasogea.
Akasogea tena, maana kivuli chake kilibaki.

Tulikwisha fika nje, jua la saa saba,
makontena yakibamizwa bandarini,
ndipo akakumbuka, akageuka, goti na yote,
akarudi mpaka pale dirishani.
"Kona ya ngazi, chini, kuna unyevu unapanda.
Mwambie mkubwa wako asije akatia saruji.
Saruji itaukaba. Akoroge chokaa, aiache ilale,
na asiiamshe kabla ya wakati wake."
Kijana, sijui kwa adabu au kwa kutaka tuondoke,
akageuza tiketi iliyoharibika, akaandika nyuma yake.
Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:
"Niseme nani kasema?"

Baba akaegemea dirisha.
Kondo, akasema. Akangoja kalamu.
Kondo Pazi. Akangoja.
Mwinshehe, kwa nun na shini, akasema,
halafu akakumbuka kijana haandiki Kiarabu,
akaanza upya, herufi moja moja.