Hesabu ya Vijiko

Jirani yetu Bi Guk alipenda kusema
kwamba anatufahamu hadi idadi ya vijiko.
Ndivyo husemwa kwetu Gokseong
juu ya mtu anayejua undani wa nyumba.
Wengi husema tu. Yeye alikuwa amehesabu:
vitano vya shaba, na kimoja kibovu.

Kile kibovu kililiwa na viazi.
Bibi Ok-bun alikitumia kukwangua maganda miaka arobaini
mpaka ubavu mmoja ukaisha,
kikabaki kama mwezi wa siku tano,
kikaujua ukoko wa chungu kuliko midomo ya watu.

Cha babu kilikuwa na kazi ya usiku.
Kilipenyezwa kwenye pete za mlango,
basi, tumefunga, tulale.
Mwizi gani angeshindwa na kijiko?
Hakuna aliyejaribu.
Asubuhi babu alikichomoa, akakifuta kwa shati,
akanywea supu ya soya
iliyokuwa, alisema, na ladha ya chuma cha mlango
na ya usingizi kidogo.

Mimi nilipigwa kwa ajili ya kijiko mara moja tu.
Nilikuwa na miaka sita. Nilikichomeka katikati ya wali,
kikasimama wima kama mlingoti, nikacheka.
Kofi lilitua kabla kicheko hakijaisha.
"Hivyo huandaliwa wafu," alisema bibi.
Ndipo nilipojua kwamba kijiko, kidogo vile,
chaweza kuwa mwiko.

Mwaka niliomaliza shule, theluji ikiwa magotini,
nilimsikia Bi Guk kupitia ukuta,
akiongea kwa simu na dada yake wa Suncheon:
"Mzee Pan-seok ameweka kijiko chini."
Hakuongeza neno.
Akiwekaye chini hivyo hakiokoti tena.

Mwaka ulipotimia bibi alipika wali mweupe,
akafunua bakuli, mvuke ukamficha uso.
Akachukua kijiko cha mlangoni
akakisimika katikati ya wali,
wima.
Mkono haukutetemeka. Alinitazama mimi,
kana kwamba lile kofi lilikuwa deni
na sasa ndiyo siku ya kulilipa.
Tukatoka chumbani, tukarudisha mlango,
ili babu ale bila kuona haya.

Zamu yetu ilipofika bibi alipanga vijiko vinne.
Akavitazama. Akavipanga upya
kama mtu aliyekosea kuandika jina lake.

Hodi. Bi Guk, theluji mabegani,
akafungua leso, akatoa kijiko chake mwenyewe.
"Sikuja kula," alisema. "Nimekuja kwa sababu ya hesabu.
Miaka yote hii nawaambia watu ni vitano."

Bibi akasogea.
Kwetu mgeni hapikiwi upya,
huongezwa kijiko tu.

Akala mabakuli mawili.