Sifuri

Inasema hayapo.
Saa nne usiku, Kirumba, ghorofa ya pili,
juu ya duka la nyavu lililofungwa tangu magharibi,
mashine inanijibu kwa adabu ya karani:
majaribio yaliyopatikana, sifuri.

Na mimi nayaona.
Yamejipanga kushoto mwa kioo kama dagaa kwenye chanja:
magunia.jaribio.js
ushuru.jaribio.js
mizani.jaribio.js
na wenzao. Ndani yake majaribio arobaini na moja,
niliyoyaandika wiki nzima
nikila mihogo ya kukaanga juu ya kibodi.

Kesho saa mbili watu wa Mwaloni wanakuja kuiona programu yao:
gunia linaingia, linapimwa, ushuru unatoka,
hakuna tena wa kugombana na mwenye kalamu.
Nitawaambia nini?
Niaminini?

Nikaanza na yale ya kila mtu.
Nikazima, nikawasha.
Nikatazama kama nimesimama kwenye folda yenyewe.
Nimesimama.
Herufi kubwa na ndogo nikazikagua moja moja
kama anayechambua mchele wa harusi.
Nikaona nukta iliyozidi kwenye jina la faili,
nikaigusa kwa kidole,
ikaruka.
Kumbe mdudu wa ziwani, wamejaa dirishani msimu huu.
Nikafuta moduli zote za Javaskripti, nikazishusha upya;
bando likakata zikiwa nusu,
nikanunua lingine kwa nauli ya kurudi Buswelu.
Nikaendesha.
Sifuri.

Nikampigia Bwire, yuko Musoma, halali mapema.
“Yanaitwaje?”
“Majaribio.”
“Nakuuliza majina ya mafaili.”
Nikamsomea.
Kimya. Halafu kicheko kile chake cha puani.
“Nyanjige, hiyo mashine inatafuta *test*.
Wewe umeyapa jina la kwenu.
Itayapita mlangoni bila hata kuyaamkia.”

Nikakumbuka Bugando.
Mwaka kaka alipoanguka na pikipiki pale Igoma
mama alipanda kilima kile kwa miguu,
akauliza wodi hadi wodi: Ntobi, mwanangu Ntobi.
Karani akashusha kidole kwenye daftari, akakipandisha.
Hayupo, mama.
Jioni ndipo muuguzi mmoja alipomwonyesha kitanda.
Karatasi ya miguuni iliandikwa Faustini,
jina la ubatizo, la kwenye kitambulisho,
ambalo nyumbani hatukuwahi kumwitia hata ugali.

Kwa miaka nilimchukia karani yule.
Usiku huu, sijui.
Alitafuta alichopewa
kwenye orodha aliyokuwa nayo.

“Badilisha majina,” Bwire anasema, “dakika mbili, ukalale.”
Ni kweli, dakika mbili.
Vidole vyangu vilikwisha kuanza, faili la kwanza,
nikaiona *jaribio* ikifutika herufi kwa herufi kutoka nyuma,
o, i, b,
nikasimama.
Nikazirudisha.

Nikafungua faili la mipangilio, lile tusilolisoma,
tunalolinakili tu kutoka kazi hadi kazi.
Mstari wa kumi na nne ulikuwa umeandika unachokitafuta,
wazi, bila kuficha, tangu siku ya kwanza.
Nikauongezea neno moja.

Yakapatikana arobaini na moja.
Kijani, kijani, kijani, yakateremka,
thelathini na nane,
na matatu mekundu.
Sijawahi kufurahia wekundu namna hii.
Nilipiga meza, chai ikamwagika.
Bwire akauliza, “Yamepita?”
“Mengine yameanguka!” nikamwambia, nacheka.

Jekundu la kwanza, mizani:
gunia lililotarajiwa kilo hamsini na mbili
limetoka ishirini na tano.
Nani ametanguliza tano kuliko mbili,
au mbili kuliko tano,
ni mimi, hakuna mwingine humu.
Mstari wa mia na sita.

Nikavuta kiti.